Utafiti Uliopata Mwenye Kuutumia

Mjini Kasongo kulikuwa na mtu aliyefikia umri wa kuitwa babu mtaani, lakini kazini aliitwa bado Asistanti. Jina lake Faradji. Alikuwa mwalimu kwenye chuo kimoja cha juu cha biashara na uongozi, chenye madarasa ya matofali ya kuchoma kando ya njia inayoelekea Kabambare. Asistanti ni cheo cha kuanzia. Kijana akitoka masomoni anakivaa kama shati la kuazima, baada ya miaka kadhaa anapanda na kuwa shefu wa kazi, na Mungu akimjalia anafika uprofesa. Faradji alikivaa nywele zake zikiwa nyeusi, na hakupata kukivua. Vijana aliowafundisha zamani walikwisha zaa vijana, na hao nao walikaa kwenye viti vilevile wakamwita Asistanti, kama baba zao walivyomwita.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Waliopita mikononi mwake watakwambia kwamba masomo mengine yamewatoka kichwani, la kwake limebaki. Aliingia darasani na kipande cha chaki, akachora duara, akaandika ndani yake "mvua ya Wamaza". Upande wa pili wa ubao akachora duara jingine, akaandika "bei ya mandazi Salamabila". Wamaza ni kwa wakulima wa mpunga, Salamabila ni kwa wachimba dhahabu. Kisha akageuka na kuuliza ni nini kinachoyaunganisha haya mawili. Wanafunzi walicheka kwanza, halafu wakaanza kutaja: mpunga, mwenye pikipiki, shimo la dhahabu, mke wa mchimbaji anayekaanga mandazi. Kwa kila neno alitia mshale, na kipindi kilipokwisha ubao ulikuwa umejaa mishale inayokwenda na kurudi, na mvua ya Wamaza ilikuwa imefika kwenye karai la mandazi.

"Hakuna kitu kinachoishi peke yake," alisema. "Ukigusa huku, kule kunatikisika. Uongozi si kuamuru watu. Ni kujua kitakachotikisika."

Padri aliyefundisha falsafa alipohamishwa, somo hilo nalo lilimwangukia Faradji, maana hakukuwa na mwingine. Alilipokea kwa furaha. Alipenda kuwauliza wanafunzi: elimu ikishatoka kinywani mwa mwalimu, ni ya nani? Waislamu na Wakristo walibishana mpaka adhana ya alasiri, yeye akitabasamu. Moyoni jibu alikuwa nalo. Aliamini ni ya kila mtu, na kwa kuwa ni ya kila mtu, haiwezi kuleta ila heri.

Aliyemsomesha ni dada yake mkubwa, Asma, ambaye yeye alimwita yaya, kama kule wadogo wanavyowaita dada zao wakubwa. Baba yao alikuwa na duka la vitenge karibu na msikiti, na alipofariki Faradji alikuwa bado sekondari. Asma alichukua bidhaa zilizobaki, akazifunga mzigo, akashika njia. Alipeleka chumvi, sabuni na vitenge Wamaza, akarudi na mchele na karanga. Kwa safari hizo ndugu yake alikwenda Kisangani, akasoma, akarudi na shahada. Asma hakuolewa tena baada ya mume wake wa kwanza kumwacha, na watu waliposema njia imemzeesha, alijibu kwamba njia ndiyo imemlisha.

Mwaka mmoja Asma alirudi akilalamika kwamba safari zimekuwa ndefu, mchele unalowa, na chumvi imeadimika kule kiasi kwamba watu wanaigawana kwa kijiko. Faradji akataka kujua sababu. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wafanyabiashara walisema barabara ni mbaya yote. Wenye pikipiki, ambao kule huitwa wamotari, walisema ni bei ya mafuta. Wakulima walisema wanunuzi ni wezi. Faradji alimtafuta motari mmoja wa Wamaza aliyebeba mizigo ya Asma, jina lake Roger, mtu mpole wa kabila la Wabangubangu, aliyelima mpunga masika na kuendesha pikipiki kiangazi. Alikaa nyuma yake kiangazi hicho na kilichofuata. Walilala vijijini, walisukuma pikipiki kwenye mchanga, waliuliza watu maswali mpaka Roger naye akayajua kwa moyo.

Alichogundua ni kwamba kila mmoja alikuwa ameshika ncha yake ya kamba na hakuna aliyeona fundo. Fundo lilikuwa daraja la Lukombe, pale njia ya Wamaza na njia ya Salamabila zinapokutana kabla ya kushuka Kasongo. Mbao zake zilikuwa zimeoza. Kila pikipiki ilishushwa mzigo, mzigo ukavushwa kichwani, na foleni ikalala pale. Mchele ukalowa, mnunuzi akashusha bei, mkulima akalima kidogo mwaka uliofuata. Motari akakosa mzigo wa Wamaza, akahamia Salamabila kwenye dhahabu. Pikipiki zikapungua, chumvi ikaadimika, na watu wakazidi kukata tamaa ya kulima. Mduara ukajilisha wenyewe. Wala haikuhitajika barabara mpya. Zilihitajika mbao na watu wa kuzilinda.

Aliandika yote hayo kwa Kifaransa kizuri, na mwishoni akaweka sentensi aliyoipenda kuliko zote: atakayeshika daraja la Lukombe ameshika njia nzima. Makala ilichapishwa kwenye jarida la chuo. Faradji alizichukua nakala mwenyewe, akazipeleka ofisi za serikali, kwa wafanyabiashara wakubwa, kwa mapadri na kwa masheikh. Wote walizipokea kwa mikono miwili, wakamsifu, wakaziweka juu ya kabati.

Aliyeisoma kweli alikuwa mwanafunzi wake, Abdoul, mtoto wa fundi baiskeli wa Nyangwe. Alikuwa kijana mwepesi wa kuelewa, mwenye heshima, asiyekubali jambo mpaka aligeuze pande zote. Kazi yake ya mwisho aliifanya chini ya Faradji, juu ya daraja lilelile, na mbele ya jopo alijibu maswali vizuri kuliko ambavyo mwalimu wake angejibu. Faradji alimpa maksi za juu kabisa. Alimpenda kama mtu anavyoipenda hoja yake mwenyewe akiiona imeota miguu.

Miaka ikapita. Daraja likaendelea kuoza.

Halafu ikaja amri mpya kutoka juu, kwamba watafiti wote wapimwe. Zéphirin, katibu wa utafiti wa chuo, aliyesoma pamoja na Faradji Kisangani, alimwita ofisini na kumwonyesha jedwali. Kulikuwa na pointi za makala zilizotoka kwenye majarida ya nje, pointi za mara ngapi wengine wamekutaja, na sehemu ya mwisho iliyoitwa athari, yaani ushahidi kwamba utafiti wako umetumika na mtu nje ya chuo.

"Ile ya daraja?" Faradji aliuliza.

"Jarida letu halihesabiwi. Uliipeleka nje?"

"Niliipeleka. Walijibu kwamba mahali ni padogo mno, na haina nadharia."

Zéphirin akakuna kidevu. "Kuna aliyekutaja?"

"Abdoul, kwenye kazi yake ya mwisho."

"Kazi ya mwanafunzi haihesabiwi. Na athari? Iko mutu alifanya kitu kwa sababu ya maandishi yako?"

Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wanapita. Alitaka kusema kuhusu wale waliojifunza kutazama mambo kwa namna nyingine, lakini alijua Zéphirin angemuuliza muhuri wake uko wapi.

"Basi ni sifuri, ndugu yangu," Zéphirin alisema kwa sauti ya kuomba radhi. "Si weye peke yako. Sisi wote ni sifuri. Kama tukibaki hivi, wanaweza kutushusha, hata kutufungia chuo."

Hazikupita siku nyingi, Asma akarudi kutoka safari na nusu ya mzigo. Faradji alimkuta ameketi uani, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Daraja limetengenezwa," alisema Asma.

"La Lukombe? Alhamdulillahi."

"Ngoja kwanza. Iko barieri. Wamelaza mti njiani, na vijana wa bunduki wanakaa kando. Kila mutu analipa, kwenda na kurudi. Si kama barieri zile zingine, unapiga magoti wanakuachia. Hawa wanajua. Wanajua siku za soko. Wanajua mchele ukinyeshewa hauwezi kungoja, basi mawingu yakifunga ndiyo wanapandisha malipo. Wanajua nani anabeba nini na kule kunakosekana nini. Ni kama mutu aliwafundisha."

Alisema hivyo akiangalia maji kwenye beseni.

Siku ya pili Faradji akampata Roger, wakaenda Lukombe. Daraja lilikuwa kweli zuri. Mbao mpya, nene, zimepigiliwa vizuri, na pembeni kamba za kushikia. Mbele yake gogo limelazwa juu ya magurudumu ya baiskeli, likisukumwa na kurudishwa kwa urahisi. Vijana wawili wasio na sare walikaa kivulini, bunduki magotini. Chini ya turubai kulikuwa na meza, na nyuma ya meza aliketi Abdoul, shati jeupe, amenenepa kidogo.

Alipomwona mwalimu wake alisimama haraka, akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asistanti, karibuni. Muketi hapa kwenye kiti changu. Wewe, leta chai."

Faradji hakuketi. "Ni wewe uliyeweka barieri hii?"

"Ni sisi, Asistanti. Iko shirika la kutunza daraja." Akataja wakubwa waliokuwa ndani yake, bila kupunguza sauti. "Lakini mawazo ni yenu. Siwezi kuwaficha."

Akafungua mfuko wa ngozi, akatoa makala. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi imelainika kama kitambaa, na mistari mingi ilikuwa imepigiwa kalamu nyekundu.

"Nilipomaliza masomo nilihangaika," Abdoul alisema. "Niliuza simu, nikauza mafuta, yote yakakatika. Siku moja nikakumbuka mafundisho. Mulisema tusisukume kila mahali, tutafute pale nguvu kidogo inasogeza kikubwa. Nikajisemea, mbona mwalimu wangu alikwisha papata?"

"Niliandika ili daraja litengenezwe."

"Limetengenezwa. Hamukuona mbao? Serikali ilishindwa, wazungu wa misaada walishindwa. Sisi tumetengeneza."

"Niliandika ili njia ifunguke."

Abdoul aliinamisha kichwa, akafikiri, kama alivyokuwa akifanya darasani. Hakuwa anafanya mzaha.

"Asistanti, munisamehe, maandishi hayasemi hivyo. Yanasema atakayeshika Lukombe ameshika njia nzima. Nimeyasoma mara nyingi. Hayasemi ni nani ashike, wala hayasemi ashike namna gani."

Faradji aliijua makala ile neno kwa neno, aliipitia yote kichwani akisimama pale, akitafuta mstari mmoja wa kumkatalia. Hakuupata. Alikuwa ameandika kila mshale isipokuwa mmoja, unaotoka kwenye karatasi kwenda kwa anayeisoma.

Nje ya turubai, Roger alikuwa ameshusha bidoni lake, dumu la mafuta ya mawese. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Kijana mmoja alimimina mafuta kwenye pipa, akimtazama usoni kujua aache wapi, na Roger alitazama tu uzi mwekundu wa mafuta unavyoshuka.

"Huyu amenileta mimi," Faradji alisema.

"Wacha, Asistanti," Roger akajibu. "Nitapita tena kesho, na kesho kutwa. Weye hutakuwepo."

Walipokuwa wanaondoka, Abdoul aliwasindikiza hadi kwenye gogo. "Olga aliniambia chuoni wanadai ushahidi wa kazi zenu," alisema. Olga alikuwa mwenzake wa darasa, sasa asistanti mdogo hapo chuoni. "Nitawaandikia karatasi, niweke na muhuri. Ni haki yenu."

"Usiandike kitu, Abdoul."

Kijana akatabasamu. Alidhani ni unyenyekevu.

Jioni ile Faradji alikwenda kwa Asma. Alitaka kumwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alizunguka maneno, akaanza na daraja, akaja kwenye makala, mwisho akasema: "Yaya, ile barieri ilitoka kwangu."

Asma alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Najua. Yule kijana aliniambia siku ya kwanza. Alisema, mama, weye ni dada ya mwalimu wangu, pita mbele ya foleni. Nikapita mbele, nikalipa kama wengine."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba kile nilikusomeshea kimerudi kunikuta njiani?"

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, taratibu zaidi, kwamba kuna sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni, akitaka ale. Faradji alikula kwa kuwa hakuthubutu kukataa.

Karatasi ya Abdoul ilifika chuoni bila kupitia kwake. Ilikuwa imechapwa vizuri, na muhuri wa shirika chini. Ilisema kwamba Shirika la Kutunza Daraja la Lukombe limeanzishwa na kuendeshwa kwa kufuata utafiti wa Asistanti Faradji, kwamba kwa utafiti huo daraja limejengwa upya, na kwamba shirika linamshukuru. Zéphirin alikuja nayo hadi darasani, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alingoja wanafunzi watoke, akafunga mlango.

"Ndugu yangu, umepata," alisema. "Ni ushahidi wa kwanza tangu chuo kianze."

"Ukatae."

"Niukatae namna gani?"

"Andika kwamba utafiti umetumika kuumiza watu. Nenda Lukombe uone. Muulize Asma. Muulize Roger."

Zéphirin aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakagonga mbao zake. "Jedwali linauliza kama utafiti umetumika, na kama kuna muhuri. Haliulizi kingine."

"Basi weka pointi, halafu uzitoe. Uzitoe hadi ziingie chini ya sifuri."

"Haiko sehemu ya kutoa, Faradji. Linaanza kwa sifuri, linapanda. Nimelipekua lote."

"Kipimo kinachojua kujumlisha tu si kipimo. Ni vigelegele."

"Hiyo ni falsafa, na sisemi ni uongo." Zéphirin alishusha sauti. "Lakini sikiliza. Katika chuo kizima hatuna ushahidi mwingine. Ukianguka huu, tunaanguka sote. Ernestine wa maktaba, walinzi, wanafunzi wako wa mwaka wa mwisho ambao shahada zao hazitatambuliwa. Weye ndiye uliyetufundisha kwamba ukigusa huku, kule kunatikisika. Sasa unataka nitikise nini?"

Faradji aligeukia ubao wake mwenyewe. Ndani yake hasira ilitafuta mtu wa kumwangukia, na kila aliyemfikiria alikuwa na sababu yake. Zéphirin alikuwa anaokoa chuo. Abdoul alikuwa anashukuru. Hata wale wa bunduki walikuwa vijana waliokosa kazi, na wazazi wao aliwajua. Hakukuwa na mwovu wa kumshika shati.

Aliandika barua ya kupinga, ndefu, akaeleza kila kitu: bei ilivyopanda, mchele unavyozuiwa kusudi mvua ikikaribia, watu walioacha njia. Akaipeleka mwenyewe. Baadaye alisikia kwamba kamati iliiambatanisha kwenye faili lake, na ikaandika pembeni kwamba mtafiti anaendelea kufuatilia somo lake kwa makini. Wakamwongezea pointi.

Hivyo ndivyo Faradji alivyokuwa shefu wa kazi, baada ya maisha mazima ya kukingoja cheo hicho. Wenzake walinunua soda na biskuti, wakamvika kitenge mabegani. Mtu mmoja alisema maneno juu ya utafiti unaogusa maisha ya watu. Wanafunzi walianza siku hiyohiyo kumwita Shefu, na kila walipomwita alichelewa kuitika, kama mtu anayeitwa kwa jina la jirani.

Asma hakuja. Alituma salamu na bakuli la wali.

Yaliyofuata yalikuwa yale aliyoyaandika yeye mwenyewe. Wamotari wa Wamaza waliona kwamba wanaifanyia kazi barieri tu, wakaihama njia mmoja mmoja. Roger alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Aliuza pikipiki kwa mtu wa Salamabila, halafu yeye mwenyewe akaifuata kule na kuingia kwenye mashimo ya dhahabu, yeye aliyekuwa akisema kwamba mwenye shamba haingii chini ya ardhi kabla ya siku yake. Wakulima walilima cha kula tu. Chumvi ikafika Wamaza kwa bahati. Faradji alikuwa akipita sokoni Kasongo akiona mchele unavyopungua kwenye mabeseni ya wauzaji, akajua wiki ijayo kitapungua nini, na kikapungua. Hakukosea hata mshale mmoja. Makala iliyokataliwa kwa kukosa nadharia ilikuwa kweli yote.

Asma aliacha safari. Hakutangaza; siku ya kuondoka ilifika akabaki ameketi, na iliyofuata vilevile. Alianza kuuza mafungu ya karanga na sabuni za kukata barazani. Faradji alitaka kumhudumia, sasa mshahara ulikuwa umeongezeka. Asma alipokea mara ya kwanza, mara ya pili akazirudisha zile noti mkononi mwake, akazifunika kwa vidole vyake.

"Hizi zimepita Lukombe," alisema. "Mimi nimeacha kupita Lukombe."

Waliendelea kusalimiana, kutembeleana Idi, kuulizana afya. Ila ule mzaha wa zamani, wa dada kumwita ndugu yake "mwenye mishale", haukusikika tena. Naye hakujua auombe vipi.

Mwaka uliofuata shirika la Abdoul liliandikia chuo. Lilitaka kugharimia utafiti mwingine, upande wa Nyangwe, juu ya njia za samaki na mihogo kutoka mtoni hadi mjini: mitumbwi inafikia wapi, mizigo inakusanyikia wapi. Waliomba Shefu Faradji auongoze. Alikataa kwa maneno mawili. Zéphirin hakumsihi, alimpa kazi hiyo Olga, aliyekuwa bado asistanti na mwenye haraka ya kupanda.

Olga alikuja kwake asubuhi, kabla ya masomo, amekaza kilemba, kalamu mkononi. Alikuwa binti mwenye akili, na Faradji alimheshimu.

"Shefu, nimekuja kuomba mwongozo. Mahali pa kuanzia tu. Namna mulivyolipata fundo la Lukombe."

"Sijui."

Akadhani hakusikia vizuri. "Namna ya kutambua pale kila kitu kinapokutana. Mulitufundisha."

"Niliwafundisha kuchora. Nilidhani najua mchoro unaishia wapi, kumbe sikujua. Olga, usiifanye kazi hii."

"Nisipoifanya mimi ataifanya mwingine."

"Basi aifanye mwingine."

Faradji aliona usoni mwa Olga kitu kinageuka, heshima ikipisha jambo jingine.

"Ninyi mumepata cheo chenu kwa njia hii hii," alisema polepole. "Miaka yote mulisema elimu ni ya kila mutu. Sasa ikifika zamu yetu, inakuwa siri?"

Angeweza kumsimulia bidoni la mawese, na uso wa Roger, na noti zilizorudishwa. Alianza, kisha akaona jinsi alivyokuwa anamsikiliza: kwa uvumilivu, kama mtu anavyomsikiliza mzee anayetetea kiti chake. Akaacha. Olga akaaga kwa adabu. Kabla ya mchana walimu wote walikuwa wamesikia kwamba Shefu Faradji anawabania vijana.

Wiki iliyofuata Olga alipanda pikipiki kuelekea Nyangwe. Faradji aliambiwa na wanafunzi kwamba aliketi ufukweni na wavuvi, akawauliza maswali, akachora viduara vyake, na kwamba alikuwa na raha na kazi. Haikumchukua muda mrefu kupata fundo alilokuwa analitafuta. Hakuhitaji mwongozo wa mtu. Alikuwa amefundishwa vizuri.